Maswali ya wasomaji: uwakili wa mazingira na haki ya jamii kupata maji

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa sheria, mawakili wachanga na wanakamati wa maji. Tumezifupisha na majina tumeyaacha. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tunapotaja muda wa kisheria tumesema ni wa wapi. Mengine ni taratibu za kazi ambazo wakili wa maji atazihitaji popote alipo.

Swali: Niko mwaka wa tatu wa sheria na nataka kuwa wakili wa mazingira, hasa upande wa maji. Chuo chetu kina somo moja tu la mazingira, tena la hiari. Je, nisubiri shahada ya uzamili ndipo nianze?

Usisubiri. Kesi nyingi za maji huamuliwa kwa masomo ambayo tayari unayasoma. Kibali kilichotolewa bila wananchi kusikilizwa ni suala la sheria ya utawala. Sampuli iliyokataliwa mahakamani ni suala la ushahidi. Kesi iliyotupwa kwa kuchelewa siku tatu ni suala la mwenendo wa madai. Nani ana haki ya kupita kwenye shamba la jirani kwenda kisimani ni suala la ardhi. Ukiyamudu hayo manne, sheria za mazingira utazisoma mwenyewe jioni. Shahada ya uzamili ina faida yake kwa anayetaka kufundisha au kutunga sera, lakini haikufundishi kuhoji shahidi.

Kitu kinachowapiga chenga mawakili wengi, hata wenye shahada hiyo, ni kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Anza leo. Tafuta ripoti yoyote ya mradi unaotumia maji mengi: mgodi, shamba la umwagiliaji, kiwanda. Muhtasari wa mwanzo uruke, maana umeandikwa ili usomeke vizuri. Nenda kwenye viambatisho, kwenye jedwali la vipimo vya mto na visima, ukiwa na kalamu, na ujiulize: vipimo vilichukuliwa lini, na mara ngapi? Ripoti iliyopima mto mara moja tu, tena mwezi wa mvua, haijui chochote kuhusu kiangazi.

Tuseme mradi unaomba kuchota lita 20 kwa sekunde, na ripoti inasema hiyo ni asilimia 10 tu ya maji ya mto, kwa sababu wastani wa mwaka ni lita 200 kwa sekunde. Hesabu yake ni sahihi. Lakini fungua jedwali la miezi ukute mwezi mkavu kuliko yote mto unapitisha lita 25. Zile lita 20 sasa ni sehemu nne kati ya tano za mto mzima. Endelea: lita 20 kwa sekunde ni lita 1,728,000 kwa siku. Ukigawa kwa lita 50 za mtu mmoja kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho wataalamu wa Umoja wa Mataifa hukitaja kwa kunywa, kupika na usafi, unapata maji ya watu 34,560. Hakimu ambaye hajawahi kusikia neno haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji, ataielewa hesabu hiyo papo hapo, na wewe utakuwa umeifanya kwa takwimu za upande wa pili.

Kisha kagua sehemu ya hatua za kupunguza madhara. Kila hatua iwe na mtu wa kuitekeleza, tarehe, kipimo na fedha. Sentensi kama "mwekezaji atahakikisha maji hayachafuliwi" haina hata kimoja kati ya hivyo vinne, na hapo ndipo maswali yako ya mahakamani yatakapoanzia. Mwisho tazama orodha ya waliohudhuria mikutano ya wananchi: wangapi wanaishi chini ya mto, wangapi ni wanawake, na je, tarehe ya mkutano ipo kabla au baada ya ripoti kukamilika?

Mwanafunzi aliyekagua ripoti kumi kwa namna hii ana cha kumwonyesha mwajiri kuliko barua ya maombi yenye maneno mazuri. Na waajiri ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Mashirika ya msaada wa kisheria yapo, lakini wapo pia mamlaka za mabonde ya maji, taasisi za serikali za usimamizi wa mazingira, halmashauri, na kampuni za uwakili zenye idara ya mazingira. Miaka miwili upande wa mdhibiti itakufundisha jinsi kibali kinavyotembea kutoka meza hadi meza, na elimu hiyo haimo kwenye kitabu chochote.

Swali: Mimi ni wakili wa mwaka wa pili. Wakazi wa vijiji vitatu wamenijia, wanasema mto umebadilika rangi tangu kiwanda kianze kazi na watoto wanawashwa ngozi. Wanataka kesi ifunguliwe wiki hii. Nianzie wapi?

Anza na usalama wao. Kabla ya karatasi yoyote, waambie waache kunywa maji hayo na uwaelekeze kwenye chanzo kingine. Waambie pia kwamba kuchemsha huua vimelea lakini hakuondoi metali wala kemikali. Maji yakipungua sufuriani, kinachobaki huwa kimekolea zaidi. Wenye dalili waende kituo cha afya na wahakikishe dalili, tarehe na chanzo cha maji vimeandikwa kwenye kadi zao. Kadi hizo zitakuwa ushahidi baadaye, lakini leo ni matibabu.

Pili, jua saa inayokimbia. Kama kiwanda kilipewa leseni ya mazingira hivi karibuni, huenda njia yako ni rufaa kwenye baraza maalumu, na rufaa hizo hazingoji. Kwa Kenya, rufaa kwenye Baraza la Taifa la Mazingira dhidi ya uamuzi wa leseni ina siku 60. Mahakama ya Afrika Mashariki inatoa miezi miwili tangu kitendo kifanyike au mlalamikaji akijue. Nchi nyingine zina siku chache zaidi. Mara nyingi pingamizi la awali la mdaiwa huwa ni hilo tu: umechelewa, au umekuja mahakama isiyo yako. Likikubaliwa, hakuna atakayeuangalia mto.

Tatu, sampuli. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi nzuri zinapofia.

Usikubali kujenga kesi juu ya maji yaliyobebwa kwenye chupa ya soda, hata kama aliyeyachota ni mzee anayeheshimika. Tafuta maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, omba chupa zao, na ikiwezekana mtaalamu wao achote mwenyewe huku wanakijiji wakishuhudia. Vituo visipungue vitatu: juu ya mahali maji taka yanapoingia mtoni, hapo yanapoingia, na chini baada ya maji kuchanganyika. Ongeza kisima au bomba ambalo watu wanakunywa. Kituo cha juu ndicho kinachosahauliwa zaidi, na bila hicho mdaiwa atasema uchafu ulishuka na mto kabla haujamfikia.

Kila kipimo kina chupa yake. Ya bakteria wa kinyesi iwe imetakaswa na maabara. Isisuuzwe na isijazwe hadi mdomoni. Iwekwe gizani kwenye kisanduku cha barafu, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isipite 24. Kama maji yana klorini, chupa iwe na thiosalfeti ndani; bila hiyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatasema maji ni salama ilhali si salama. Ya metali iwe ya plastiki iliyooshwa kwa asidi, kisha maji yatiwe asidi ya naitriki hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2. Usipofanya hivyo, metali hunata kwenye kuta za chupa na kipimo hutoka pungufu. Ukitaka pia metali zilizoyeyuka peke yake, maji yachujwe hapo hapo mtoni kwa kichujio cha mikromita 0.45 kabla ya kutiwa asidi.

Beba pia chupa moja ya maji safi ya maabara, ifunguliwe na kufungwa palepale mtoni, ipimwe pamoja na nyingine. Ikionyesha uchafu, basi uchafu ulitoka kwenye vifaa au mikono yenu, na ni heri ulijue wewe mwanzo. Kituo kimoja maji yake yagawanywe katika chupa mbili ziende maabara mbili. Kila chupa iwe na lebo ya kituo, tarehe, saa na jina la aliyechota, na fomu ya makabidhiano isainiwe kila chupa inapobadili mikono, kuanzia mtoni hadi kwenye meza ya maabara. Pengo la saa mbili kwenye fomu hiyo, lisilo na jina la aliyekuwa na chupa, linatosha kuibomoa kesi.

Na kama tatizo ni mabomba ya nyumbani, utaratibu hugeuka. Kupima madini ya risasi yanayotoka kwenye bomba huchukuliwa lita ya kwanza baada ya maji kutuama angalau saa 6, bila kufungulia bomba kwanza. Katika mji wa Flint, Marekani, baada ya chanzo cha maji kubadilishwa Aprili 2014, wakazi walielekezwa kufungulia maji yatiririke usiku wa kabla ya kupima, na mtiririko huo huosha risasi iliyojikusanya ndani ya bomba. Ukipewa vipimo na mamlaka yoyote, uliza kwanza jinsi vilivyochotwa.

Majibu yakija, soma kizio cha uzito kabla ya namba. Shirika la Afya Duniani linaweka risasi kwenye mikrogramu 10 kwa lita, ambayo ni sawa na miligramu 0.01. Jibu la "0.08" kwa miligramu ni mara nane ya kiwango, kwa mikrogramu ni karibu na sifuri. Tofauti ya herufi moja, mg au µg, kwenye hati ya madai hukupa aibu ambayo mdaiwa ataisoma kwa sauti.

Kipimo kimoja hakitoshi. Omba raundi tatu, kiangazi moja na masika moja zikiwemo. Mvua ya jana huongeza maji na kupunguza ukolezi, na mdaiwa anajua siku ipi ya kumleta mtaalamu wake. Katikati, wanakijiji waandike daftari: tarehe, saa, rangi, harufu, samaki waliokufa, picha zenye mahali na muda. Daftari linaloandikwa kila siku na watu wawili tofauti lina uzito kuliko viapo ishirini vinavyofanana neno kwa neno.

Wakati sampuli zinaendelea, andika barua kuomba nakala za leseni, kibali cha kuchota maji, kibali cha kumwaga maji taka na ripoti za ukaguzi za miaka yote. Kama nchi yenu ina sheria ya kupata taarifa, itaje kifungu kwa kifungu. Ukimya wa ofisi nao ni ushahidi, mradi barua yako ina mhuri wa kupokelewa.

Je, yote haya yasubiri huku watu wanaumwa? Hapana. Ukishakuwa na raundi ya kwanza na kadi za matibabu, omba amri ya zuio la muda. Kwa zuio huhitaji kuthibitisha kesi nzima. Unaonyesha kwamba lipo jambo zito la kuamuliwa, na kwamba madhara yakiendelea hayatalipika kwa fedha. Omba mambo mawili: maji taka yasimamishwe, na maji safi yaletwe vijijini kwa gharama ya mdaiwa hadi hukumu. La pili husahauliwa sana, wakati ndilo mama wa nyumbani atakaloliona kesho yake.

Swali: Maabara imesema kisima chetu kina floraidi miligramu 4 kwa lita. Kuna kiwanda kilomita sita kutoka hapa. Tukishtaki?

Pimeni kwanza visima vilivyo mbali na kiwanda, upande wa juu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5, kwa hiyo maji yenu ni hatari kwa meno na mifupa ya watoto, bila ubishi. Lakini kwenye miamba ya volkano, kama ile ya Bonde la Ufa, floraidi hutoka ardhini yenyewe, na visima visivyo na kiwanda chochote karibu huzidi kiwango hicho. Visima vya juu vikionyesha hivyo hivyo, kumshtaki mwenye kiwanda ni kupoteza miaka. Hilo halimaanishi hamna madai. Anayewauzia au kuwagawia maji, na serikali inayomsimamia, wana wajibu wa kuwapa maji yanayonyweka. Madai yenu yaelekezwe huko, pamoja na ombi la chanzo mbadala au chujio la mkaa wa mifupa wakati mnasubiri.

Swali: Shikamooni. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Tuna kesi dhidi ya kampuni, lakini wakili huongea na mwenyekiti peke yake kwa simu. Sasa tunasikia kuna fedha zinajadiliwa. Wengine wanasema tukubali, wengine wanasema tumeuzwa. Tufanye nini?

Marahaba, mama katibu. Itisheni mkutano na mwiteni wakili kwa barua, si kwa simu. Mteja wake ni watu waliotajwa kwenye kesi, na mwenyekiti ni mjumbe wao tu. Mna haki ya kuona mkataba wa uwakili, hati ya madai iliyofunguliwa, na pendekezo lolote la fedha likiwa limeandikwa. Wakili anayekataa kuonyesha pendekezo alilopokea kwa niaba yenu amekiuka maadili ya kazi, na chama cha mawakili wa nchi yenu kina kamati ya kupokea malalamiko hayo.

Kwa mawakili wanaosoma hapa: tatizo hili hupandwa siku ya kwanza. Mkataba na jamii lazima useme nani anatoa maelekezo, kwa kura ya watu wangapi, na nini kitatokea wakigawanyika. Uandikwe kwa lugha wanayoizungumza nyumbani na usomwe kwa sauti mkutanoni. Wawakilishi wasiwe chini ya watano, na wanaochota maji wawemo kwa idadi inayoonekana. Mara nyingi ni wanawake na wasichana, na wao ndio wanaojua kisima kilianza kuchafuka mwezi gani. Muhtasari wa kila mkutano usainiwe. Kagua pia kama watu wa juu na wa chini ya mto kweli wana madai yanayofanana. Wa juu wakiwa wanamwagilia na wa chini hawapati maji, huwezi kuwatetea wote wawili kwa mkono mmoja, na ukilazimisha utajiondoa kesini katikati ya njia na kuwaacha pande zote bila wakili.

Ada nayo isemwe wazi. Kama utachukua sehemu ya fidia, na sheria ya nchi inaruhusu, asilimia iandikwe na mfano wa hesabu ufanyike mbele ya watu. Waambieni pia ukweli ambao haupendezi: wakishindwa, mahakama inaweza kuwaamuru kulipa gharama za upande wa pili. Mahakama nyingi hulegeza sharti hilo kwenye kesi za maslahi ya umma, lakini hakuna uhakika.

Kuhusu fedha zenyewe, mgawanyo upangwe kabla ya kusaini makubaliano: orodha ya wanufaika, kiasi cha kila mmoja, njia ya malipo, na mkaguzi. Mwaka 2006 taka zenye sumu zilimwagwa Abidjan, Côte d'Ivoire. Kesi iliyofunguliwa London ikaisha kwa makubaliano mwaka 2009, takribani pauni milioni 30 kwa watu wapatao 30,000. Fedha zilipofika Abidjan, kundi lililojiita wawakilishi wa waathirika lilizidaka, na watu kama 6,000 hawakupata fungu lao. Kesi yenyewe ilikuwa imezaa fidia. Iliyoharibika ni njia ya kupitishia malipo. Kila mnufaika alipwe moja kwa moja kwa jina lake, na fedha zisipite kwenye akaunti ya kikundi kisicho na mkaguzi wa nje.

Swali: Walimu wetu wanasema maji ni haki ya binadamu. Lakini mahakamani haki hiyo ina meno?

Inayo, ila yanauma zaidi upande mmoja. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua haki ya maji na usafi kwa azimio la Julai 28, 2010. Azimio peke yake halimlazimishi hakimu, lakini angalia kesi mbili za kusini mwa Afrika zilizofuatana kwa muda mfupi.

Nchini Botswana, serikali ilikuwa imefunga kisima cha Mothomelo ndani ya Hifadhi ya Kalahari ya Kati na kuwakatalia Wabasarwa, yaani Wasan, wanaoishi humo kukitumia. Wao hawakuomba serikali iwapelekee maji. Waliomba waruhusiwe kukifungua tena kwa gharama zao. Mwezi Januari 2011 Mahakama ya Rufani iliwapa haki, ikasema kuwanyima ni kuwatendea kinyume cha utu, na ikalitaja azimio lile la mwaka uliotangulia.

Huko Soweto, Afrika Kusini, wakazi wa Phiri walidai lita 50 za bure kwa mtu kwa siku badala ya 25 walizokuwa wakipewa, na walipinga mita za kulipia kabla. Walishinda kwenye mahakama za chini, kisha Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikawakatalia: si kazi ya mahakama kupanga kiasi, bali kuuliza kama mpango wa serikali ni wa busara kwa kuzingatia uwezo wake. Na katiba ya nchi hiyo inaitaja haki ya maji kwa jina.

Tofauti ni kwamba wa kwanza walimwambia dola "acha kutuzuia", wa pili walimwambia "tumia fedha zaidi". Ombi la kwanza majaji hulitoa kwa urahisi. Ukiwa na la pili, usidai kiasi kitupu; bomoa mpango wenyewe. Onyesha kundi lililosahauliwa, hesabu ya familia iliyofanywa kwa watu wanane wakati nyumba ina kumi na sita, bajeti iliyotengwa isitumike. Hiyo ndiyo lugha ambayo mahakama za aina hiyo zimesema zitaisikiliza.

Kwa uchafuzi, mambo yana nguvu zaidi. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kupata risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi shilingi za Kenya bilioni 1.3, fidia hiyo ikatenguliwa kwenye rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kumbuka pia wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, walioishtaki kampuni mama ya mgodi wa shaba huko Uingereza. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali mwaka 2019 kuwa kesi isikilizwe huko, na Januari 2021 pande mbili zikafikia makubaliano. Kabla ya kufungua kesi dhidi ya kampuni tanzu isiyo na mali, tazama nani anaimiliki, nani anatia saini sera zake za mazingira, na anaishi wapi.

Swali: Kazi hii inalipa? Na usalama je?

Mwanzoni hailipi vizuri. Wengi huchanganya na kazi nyingine za uwakili, kama ardhi na mikataba, na hilo si dhambi mradi usimtetee mwekezaji huku ukijenga kesi dhidi yake. Kesi ya maji huweza kula miaka minane au kumi. Usibebe zaidi ya mbili kubwa kwa wakati mmoja ukiwa peke yako.

Usalama uchukulie kwa uzito tangu siku ya kwanza. Nakala za ushahidi ziwe mahali pawili, moja nje ya mji. Majina ya mashahidi yasitumwe kwenye kundi la simu. Usiende kijijini peke yako, na mtu ajue saa ya kurudi. Na jiandae kwa kesi za kunyamazisha, hasa madai ya kashfa: semeni hadharani yale tu yaliyo kwenye hati zilizowasilishwa mahakamani.

Swali: Tulishinda miaka mitatu iliyopita. Hukumu ilisema mdaiwa "asafishe mto". Mto bado mchafu. Kosa ni la nani?

Wa kwanza kukosa ni mdaiwa. Lakini sentensi hiyo ilimpa pa kujificha, na mara nyingi huwa imenakiliwa kutoka kwenye maombi ya wakili wa mdai. Amri isiyopimika haikaziki, kwa sababu hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa kudharau mahakama bila kujua ni siku gani hasa alidharau.

Omba hivi: ndani ya siku 14 mdaiwa alete lita 20 za maji ya kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, katika vituo vilivyotajwa kwenye kiambatisho, ndani ya siku 90 awasilishe mpango wa usafishaji ulioandaliwa na mtaalamu ambaye pande zote zimemkubali, maji ya vituo vinne vilivyotajwa yapimwe kila mwezi na maabara yenye ithibati, hadi vipimo sita mfululizo viwe chini ya kiwango, na kila baada ya miezi mitatu ripoti iwasilishwe mahakamani, nakala kwa kamati ya kijiji. Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilifanya karibu na hivyo kwa Ghuba ya Manila Desemba 2008: ilizitaja taasisi moja moja na kazi ya kila moja, ikataka maji yafikie daraja linalofaa kuogelea, na ikaagiza ripoti kila robo mwaka. Miezi mitano kabla yake, Mahakama ya Juu ya Argentina ilikuwa imetoa amri ya kusafisha bonde la mto Matanza-Riachuelo na kumkabidhi jaji mmoja kazi ya kufuatilia utekelezaji.

Kwa hukumu yenu, hamjachelewa. Rudini mahakama ile ile kwa maombi ya ufafanuzi na maelekezo ya utekelezaji, mkiambatanisha vipimo vipya vya vituo vile vile vilivyotumika kwenye kesi, vikichotwa kwa utaratibu ule ule. Vituo vikibadilika, mdaiwa atasema mnalinganisha mito miwili. Pangeni raundi ya kwanza kabla mvua hazijaanza.